"Bomba" na "Kufunga" katika Huduma ya Mtamboni

Istilahi hupimwa kwa kazi yake, wala si kwa sura yake. Kwa kipimo hicho, lugha ya mafundi wanaohudumia mitambo pale pale ilipo ina upungufu ambao hatuna budi kuutaja.

Tuchukue Songo Songo, wilayani Kilwa, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004. Fundi akiambiwa pale "funga bomba", ameambiwa nini? Neno "bomba" tulilipata kwa Wareno. Kwao ni chombo cha kusukumia maji. Mrija wa kuyapitishia huuita "tubo". Sisi tumelipanua likabeba vyote viwili. "Kufunga" nako ni kuziba, na pia ni kuweka kifaa mahali pake. Hivyo amri hiyo fupi yaweza kuwa kuziba njia ya gesi, kuweka njia mpya, au kuweka chombo cha kusukumia. Mreno hutenganisha "fechar" na "instalar". Mwingereza naye ana vitenzi viwili.

Huenda tukajibiwa kwamba muktadha hutosha. Hutosha kwa mafundi wawili waliozoeana. Hautoshi katika daftari la zamu, ambalo fundi anayeingia usiku hulisoma peke yake, na mwenzake amekwisha kwenda kulala.

Tunapendekeza "bomba" libaki kwa njia ya gesi. Matumizi hayo yamekwisha kuenea, na kuyapinga ni kupoteza wakati. Chombo cha kusukumia kiitwe "pampu", kama waitavyo mafundi wenyewe. "Kufunga" kuwe kuziba tu. Kuweka mtambo kuwe "kusimika". Bolti zikazwe. Watakaolalamika kwamba "pampu" ni ya Kiingereza wakumbuke kuwa "parafujo" ni ya Kireno, na hatujamsikia mtu akiionea haya.

Ama jina la huduma yenyewe, anayetafsiri "field" ya Kiingereza au "campo" ya Kireno neno kwa neno hupata "huduma ya uwanjani" au "ya shambani", na fundi wa gesi akageuka mchezaji wa mpira au mkulima wa korosho. Kiambishi "-ni" chatutosha: "huduma ya mtamboni", mkabala na "huduma ya karakanani". "Saiti" waachiwe wajenzi.