Bahasha mezani, mbegu wapi?

Msimu wa sherehe za vyama vyetu umefika tena. Kasongo mjini spika zinafungwa tangu asubuhi, viti vya plastiki vinakuja kwa pikipiki, wamama wanatokea na kikwembe kimoja chenye nembo ya chama. Nasema hivi vyama vya wazaliwa, tunavyoita mituele. Watoto wanakula sombe na mchele mpaka wanalala kwenye mikeka. Watu wa Kabambare wanakutana na ndugu waliotawanywa na vita vya Salamabila. Hapo sina neno, na anayetaka kufuta hiyo sehemu nitapigana naye.

Shida yangu inaanza sahani zikishaondolewa: kuchangisha "juu ya maskini".

Utaratibu wake tunaujua wote. Mwongoza sherehe anashika mikro, jogoo anauzwa kwa mnada, aliyemnunua anamrudisha, jogoo anauzwa tena. Halafu meza ya heshima inaitwa jina kwa jina. Papa fulani dola mia, ngoma inapigwa. Mheshimiwa fulani mifuko kumi ya saruji kwa shule, watu wanasimama. Mama muuza mihogo analeta franka zake elfu mbili, wanazipokea kimya. Waislamu kwa Wakristo tumefundishwa kutoa bila kujionyesha, lakini siku hiyo wote tunapanga foleni mbele ya mikro.

Ukiichukua kama mchezo wa jukwaani, imetengenezwa vizuri. Ina mashindano, kicheko na shujaa. Ila inafungwa mahali ambapo kisa kilipaswa kuanza. Ahadi ndiyo kilele chake. Saruji ilifika? Mjane gani alipata? Hakuna aliyepangwa kucheza hiyo sehemu, kwa hiyo haichezwi.

Tusifikiri ni ugonjwa wa Wacongo wa leo. Terence Ranger alitoa kitabu mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikatembea na askari wa vita ya 1914-1918 mpaka bara, ikafika hata Katanga kwa jina la mbeni. Vilikuwa vyama hasa: vyeo vya mfalme, jenerali na daktari, sare, bendi ya kuiga wazungu. Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti, wakizika wafu wao na kupokea wageni wasio na ndugu mjini. Na pwani, kushindana kwa karamu kuliingiza watu madeni. Yaani msaada na majivuno vimelala kitanda kimoja zaidi ya miaka mia.

Kuna kipande kinachonivutia zaidi. Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vya lelemama, wakishindana kwa nguo na vyakula. Mwanahistoria Margaret Strobel anaonyesha kwamba uzoefu ule ule wa kupanga watu na kukusanya pesa ulisaidia, mwishoni mwa miaka ya 1950, kuunda vyama vya wanawake Waislamu vilivyoshughulika na elimu na maendeleo. Hawakuanza kwa kuzima ngoma. Walichojifunza ngomani kilipewa kazi nyingine.

Sasa mniruhusu niseme kama mtu wa kilimo. Desemba tunagawa mchele na sabuni, picha zinapigwa, mwezi mmoja vimeisha. Aliyekimbia makwao ana njaa leo, apewe chakula leo, sibishani. Lakini karanga zilizopandwa Septemba zinavunwa Desemba na Januari. Ndiyo saa ambayo mkulima anaziuza rahisi kwa sababu ana deni la shule. Septemba inayofuata anatafuta mbegu kwa bei ya juu, pengine kwa yule yule aliyemuuzia. Hekta moja inataka kama kilo 60 hadi 80 za karanga zilizobanguliwa. Chama chenye pesa taslimu mwezi wa Desemba kingeweza kununua sasa, kukausha vizuri, kuweka bila kubangua mahali pakavu, na kukopesha wakati wa kupanda. Unarudisha karanga, si pesa. Hakuna mtu atakayepigiwa ngoma kwa kuangalia ghala mwezi wa Mei, na nadhani ndiyo sababu halipo.

Najua jibu: bila makofi wakubwa hawatoi. Inawezekana. Lakini tazameni likelemba ya wamama sokoni. Haina mikro wala parein, wengine hawajui kuandika, na kila mmoja anajua nani alipokea wiki iliyopita na nani anafuata. Ukikosa zamu, habari inafika nyumbani kabla yako. Sisi wenye lisansi tuna katibu, mweka hazina, muhuri, tena tuna sheria ya 2001 juu ya vyama visivyotafuta faida na ile ya 2017 juu ya mituele, lakini ukiuliza pesa za mwaka jana unaitwa mpinzani.

Makofi yabaki, basi. Ila kabla ya mnada wa mwaka huu katibu asimame na karatasi ya mwaka jana: jina, ahadi, kilichofika, kilikokwenda. Asome na zile franka elfu mbili. Dakika kumi zinatosha, jogoo anaweza kungoja.