Sampuli Namba 191

Mtafiti Tu Youyou alipokabidhiwa kazi ya kutafuta dawa ya malaria jijini Beijing mwaka 1969, vimelea vilikuwa vimekwishaizoea klorokwini. Yeye na wenzake walipekua tiba za jadi za Kichina kwa maelfu, wakachuja, wakatengeneza dondoo zaidi ya 380 kutoka mimea kama 200, wakazijaribu kwa panya wenye malaria. Nyingi hazikufua dafu.

Dondoo moja ilikuwa na vituko vyake. Ilitoka kwenye qinghao, mmea wa jamii ya pakanga. Mara ya kwanza ilizuia vimelea kwa asilimia 68. Iliporudiwa, ikashuka hadi kati ya 12 na 40. Dawa isiyofaa kabisa haikusumbui, unaitupa. Lakini hii iliyofanya kazi leo na kugoma kesho, wangapi wangeivumilia? Tu hakuitupa, wala hakuitangaza kwa ile 68 yake. Alitaka kujua inagoma wapi.

Akarudi vitabuni. Tabibu Ge Hong, wa karne ya 4, aliagiza qinghao ilowekwe majini, ikamuliwe, maji yake yanywewe. Moto hakuutaja. Wasomaji wengi wangepita tu hapo. Tu alipasoma kwa jicho la maabara: huenda joto ndilo lililokuwa likiiua dawa. Akahamia kutoa dondoo kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzijoto 35 hivi. Akachukua majani, mabua akayaacha. Kisha akaondoa sehemu yenye asidi, iliyokuwa na sumu na isiyo na faida. Oktoba 4, 1971, sampuli namba 191 ilizuia vimelea vyote katika panya.

Mwaka uliofuata, yeye na wenzake waliinywa wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Huo ni ujasiri, ingawa mimi navutiwa zaidi na kilichofuata. Artemisinini, kemikali ya qinghao inayoua vimelea, ilipokwisha kupatikana ikiwa safi, ilitengenezwa vidonge, na vidonge hivyo havikuwasaidia vya kutosha wagonjwa wa kwanza waliovimeza. Wangeweza kuilaumu dawa. Walikichunguza kidonge chenyewe, wakakuta hakimeng'enyuki vizuri tumboni. Wakaijaza dawa ileile kwenye kapsuli, na wagonjwa wakapona.

Leo dawa mseto za malaria zinazotolewa Tanzania na Kenya zina kemikali iliyotokana na artemisinini hiyo. Tu alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kile kidonge kigumu hakikupata tuzo, nami naona kinastahili kutajwa.