Kikosi bora kilichaguliwa kwa macho ya nani?

Mwaka 1889 Caspar Whitney alitangaza katika jarida la The Week's Sport wanafunzi 11 aliowaona kuwa kikosi bora cha futiboli ya Kimarekani nchini mwake. Watano walitoka Princeton, watatu Yale, watatu Harvard. Basi.

Ni rahisi kusema huo ni upendeleo, na upendeleo ulikuwepo. Lakini tutazame kazi yenyewe ilivyofanywa. Mteuzi alijaza nafasi moja baada ya nyingine, na wachezaji walewale 11 walishambulia na kukaba. Saba kati yao walisimama safu ya mbele, na wengi wa hao mpira hawakuugusa isipokuwa kwa nadra. Mbio ndefu au teke la mbali huhesabika kwa yadi, na gazeti la mji wowote liliweza kulisimulia. Gadi, mmoja wa hao wa safu ya mbele, aliyewasukuma wapinzani mchana kutwa ili mwenzake apite hakuwa na hesabu yoyote. Sifa yake ilimhitaji mtu aliyesimama kando ya uwanja, anayejua cha kutazama, na filamu za mechi hazikuwepo.

William Henry Lewis anatupa ushahidi mzuri. Alikuwa nahodha wa timu ya chuo cha Amherst mwaka 1891, na orodha ya mwaka huo haikumtaja. Akahamia Harvard kusomea sheria, akacheza senta, katikati ya safu ya mbele, na akateuliwa 1892 na 1893, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Siamini kwamba kipaji chake kilizaliwa njiani kati ya vyuo hivyo viwili. Kilichobadilika ni uwanja aliochezea na watu waliokuja kuutazama.

Walter Camp, aliyeteua kwa ajili ya jarida la Collier's kuanzia 1898, alirithi tatizo hilohilo. Kikosi chake cha kwanza mwaka huo, yaani kilicho juu ya cha pili na cha tatu, kilikuwa na mchezaji mmoja tu wa magharibi, Clarence Herschberger wa Chicago, na huyo alisifika kwa mateke yake. Wengine 10 walitoka Harvard, Pennsylvania, Princeton na Yale.

Mwaka 1901 ndio unaoniuma zaidi. Michigan, nayo timu ya magharibi, ilishinda mechi zote 11, ikafunga pointi 550 bila kufungwa hata moja. Katika kikosi cha kwanza cha Camp hakuna hata mtu wao mmoja. Sifuri hiyo ni kazi ya ukabaji, na ukabaji ulianzia safu ya mbele, palepale ambapo taarifa za magazeti zilikuwa butu. Mchezaji wao Neil Snow aliishia kikosi cha tatu. Mwaka 1904 Willie Heston wa Michigan alikuwa kikosi cha kwanza, lakini huyo alikuwa mkimbiaji, na mbio zake zilisimulika.

Mwaka 1907 Camp alimweka Germany Schulz, senta wa Michigan, katika kikosi cha kwanza. Schulz anasifiwa kwa kuvunja desturi ya nafasi yake: timu ilipokaba, aliiacha safu ya mbele, akarudi hatua kadhaa nyuma na kuufuata mpira popote ulipokwenda. Nadhani hilo lilimsaidia sana. Mtu wa safu ya mbele alikuwa ametoka kwenye msongamano, na hata mtazamaji wa jukwaa la mbali aliweza kumwona akiangusha watu.