Hewa Kati ya Akrabu: Namna ya Kuipima Kazi ya Fundi Saa

Saa iliyobadilishwa uso na akrabu humeta inapotoka kwa fundi. Mng'ao huo ni wa vipuri. Wa fundi ni ile hewa aliyoiacha kati ya akrabu na akrabu, na kati ya akrabu na kioo. Hapo ndipo pa kumpimia.

Tuchukue Seiko SKX007, saa ya wapiga mbizi iliyotoka 1996 na mashine ya 7S26, ambayo wengi hupenda kuibadilisha sura.

Uso. Kipenyo chake ni milimita 28.5, nao hushikwa na miguu midogo ya chuma iliyo mgongoni. Kifundo cha kurekebishia majira kiko usawa wa namba 4, si 3, kwa hiyo uso wa saa nyingine ukiingizwa kwa miguu yake, namba 12 haikai juu. Nyuso nyingine huuzwa na miguu minne, fundi akate miwili isiyohitajika. Hilo halina ubaya. Dosari ni kuikata yote na kubandika uso kwa gundi, maana siku moja utateleza, na tarehe itakatwa na ukingo wa dirisha lake. Omba kuuona mgongo wa uso kabla haujapachikwa.

Matundu. Akrabu ya saa ina tundu la milimita 1.50, ya dakika 0.90, ya sekunde 0.20, na hupachikwa kwa mpangilio huohuo. Tundu likizidi, akrabu hulegea na saa ikaanza kudanganya. Likipungua, fundi hulazimisha. Kwa lenzi, tazama kuzunguka kitovu cha uso: mkwaruzo wowote pale ni alama ya chombo kilichotumiwa bila kinga wakati wa kung'oa au kupachika akrabu.

Tarehe. Fundi makini huzungusha mashine mpaka tarehe ibadilike, ndipo akapachika akrabu zote zikielekea 12. Kwa hiyo tarehe ikibadilika saa saba usiku badala ya karibu na saa sita, akrabu ya saa imekaa pasipo pake.

Mzunguko. Iinue saa usawa wa jicho uitazame kwa ubavu. Akrabu ziende sambamba, pasiwe na iliyoinama. Kisha sogeza majira polepole. Saa sita kamili, ya dakika iifunike ya saa. Saa kumi na mbili kamili, zote mbili zinyooke mstari mmoja. Usiishie hapo. Katika saa 12 akrabu hizo hukutana mara 11, na iliyopinda kidogo yaweza kupita salama mara kumi, ikakwama ya kumi na moja. Zihesabu zote. Zikipita zote bila kugusana, mlipe fundi ujira wake kamili: hewa ile ameiacha kwa makusudi.