Wajumbe Watatu kwa Zanzibar

Niliipoteza Zanzibar saa 8 usiku, kwenye chumba cha juu cha nyumba yetu Mkunazini, mtoto wa ami yangu akikoroma busatini. Nilikuwa nacheza Civilization VI kwa upande wa Victoria wa Uingereza (usiniulize kwa nini), na Zanzibar ilikuwa mshirika wangu. Nilikuwa vitani na Frederick Barbarossa wa Ujerumani, na askari wangu walikuwa wanaisha. Nikafanya jambo ambalo mchezo unaliruhusu: nikalipa dhahabu, nikalichukua jeshi la Zanzibar, nikalipeleka mbali kwenye mpaka wangu. Zamu chache baadaye Barbarossa akauingia mji mtupu. Karafuu zikatoweka kwenye orodha ya mali zangu, na mdalasini pia. Miji yangu mitatu ikaanza kununa.

Kwa asiyeujua mchezo huu uliotoka mwaka 2016: ramani ina madola makubwa, ambayo ndiyo yanayoshindana, na ina dola-mji, vijinchi vya mji mmoja ambavyo haviwezi kushinda hata vikifanya nini. Unavipelekea wajumbe. Ukiwa na wajumbe wasiopungua 3, na ukawazidi wenzako wote, wewe ndiye mlinzi wa mji ule. Adui yako anakuwa adui yake. Jeshi lake unaweza kulikodi. Na kila mji una zawadi yake kwa mlinzi. Ya Zanzibar ni karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo huwezi kuzipata kwa njia nyingine yoyote, na kila moja inatuliza miji 6 wakati anasa za kawaida zinatuliza 4.

Ndiyo maana Zanzibar inabadilisha mpango mzima wa mchezaji. Mwenye karafuu anaweza kujenga miji mingi kuliko busara inavyoruhusu, hata mahali pabaya, kwa sababu ghadhabu ya raia imeshanunuliwa kutoka kisiwani. Himaya yangu yote usiku ule ilikuwa imeegemea mji ambao sikuwahi kuujengea chochote.

Kuna kanuni moja hapa ambayo naiona ndiyo roho ya mchezo wote. Ukiuteka mji mdogo, zawadi yake inakufa. Barbarossa hakupata karafuu; zilikwisha kwa kila mtu. (Yeye wabunifu wamempa nguvu za ziada anaposhambulia dola-mji, kwa hiyo kwake teko lenyewe ni faida.) Mchezaji mwenye akili anajifunza haraka kwamba mji mdogo una faida zaidi ukibaki na bendera yake. Waingereza wa kweli walilijua hilo. Mwaka 1890, pamoja na mambo mengine, Uingereza iliiachia Ujerumani kisiwa cha Heligoland, na Ujerumani ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Sultani akabaki kwenye kiti chake. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokikalia kiti hicho bila ridhaa yao, manowari zilianza kupiga kasri saa 3 asubuhi. Vita havikufika saa moja, na upande wa Khalid takriban watu 500 waliuawa au kujeruhiwa. Kisha Waingereza wakamweka Hamoud bin Mohammed, sultani mwingine. Bendera ilibaki.

Hadi hapo mchezo unasema kweli, tena kweli chungu kuliko vitabu vingi nilivyosoma skuli. Ninapoukataa ni kwenye kimya cha mshirika. Dola-mji wa Civilization hautumi mjumbe popote. Unakaa ukisubiri kuhesabiwa. Lakini Sayyid Said bin Sultan hakusubiri. Alifanya mkataba na Wamarekani mwaka 1833, akampokea konseli wao 1837, wa Uingereza 1841, akatia saini na Wafaransa 1844. Mwaka 1840 meli yake, Sultana, ilitia nanga New York na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Huyo ni mdogo anayewachezesha wakubwa, anayejua kwamba usalama wake ni kutokuwa wa mmoja.

Mwanawe Barghash aliweka wajumbe wake wote kwa Mwingereza mmoja, konseli John Kirk. Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilipoelekeza mizinga kwenye kasri lake, London ilikuwa imeshaamua kutogombana na Berlin, na Kirk ndiye aliyembembeleza akubali. Mwaka uliofuata wakubwa hao wawili walikubaliana wenyewe kwamba pwani ya Sultani ni ukanda wa maili 10. Jambo hili halichezeki kwenye Civilization VI. Mimi na Barbarossa hatuna meza ya kukaa na kugawana mji wa mtu.

Halafu karafuu zenyewe. Nilipomwonyesha bibi yangu, mzaliwa wa Wete, kwamba kwenye kompyuta karafuu zinatoka Zanzibar bure, kama zawadi, aliangalia kioo akauliza Pemba iko wapi. Haipo. Ni bahari tu. Wakati karafuu nyingi zetu zinatoka Pemba, tangu tufani ya 1872 ilipoing'oa mikarafuu ya Unguja. Na yeye, aliyechambua karafuu na makonyo usiku kwa taa ya chemni na kuamka alfajiri kuanika majamvi, neno zawadi halikumkaa. Mimi nilifikiria walio kabla yake, watumwa waliopanda na kuchuma mashamba yale karne ya 19. Mchezo una alama ya karafuu, hauna mchumaji.

Wiki iliyopita nilianza upya, Victoria yuleyule. Nilituma wajumbe 6 Zanzibar mapema, nikaliacha jeshi lake nyumbani, na manowari zangu mbili nikaziweka mbele ya bandari. Mtoto wa ami aliamka kunywa maji, akasimama nyuma yangu.

"Sasa hizo meli zako zinamlinda nani?"

Nikamwambia akalale, zamu ilikuwa yangu.