Kaseti Iliyoandikwa kwa Mkono

Mwaka 2015 bendi ya Metallica ilitoa upya kaseti yake ya majaribio, No Life 'Til Leather, iliyorekodiwa California mwezi Julai 1982. Ina nyimbo saba. Bendi inayojaza viwanja vya mpira duniani kote isingeshindwa kuagiza jalada jipya la kifahari, lakini ilirudisha karatasi ileile ya awali, yenye mwandiko wa Lars Ulrich, mpiga ngoma wao, ambaye kiangazi kile alikuwa na miaka 18 tu. Nyimbo zenyewe mashabiki wengi walikuwa nazo siku nyingi. Walichokitaka ni ule mwandiko.

Wana haki ya kuutaka. Shabiki wa hevi metali wa leo anaweza kumtajia mwenzake bendi kumi kwa dakika moja, na mwenzake akazipata zote papo hapo bila kunyanyuka kitini. Kilichopotea ni kazi iliyokuwa hapo katikati: kukaa chini, kuchagua, kurekodi, kuandika, kufunga bahasha na kwenda posta. Kazi hiyo ilikuwa ufundi kamili. Waliokuwa nayo walijuana kwa ufundi huo kutoka San Francisco hadi Newcastle, kutoka Florida hadi Belo Horizonte, na wengi hawakuonana uso kwa uso hata siku moja.

Tazama hesabu peke yake. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande. The Number of the Beast ya Iron Maiden, ya mwaka 1982, ni dakika 40 hivi. Inaenea upande mmoja, na nafasi inayobaki inatosha wimbo mmoja wa bendi nyingine. Wimbo huo wa ziada fundi hakuuokota tu. Ndiyo ilikuwa salamu yake mwenyewe kwa anayepelekewa. Reign in Blood ya Slayer, ya mwaka 1986, haifikishi hata dakika 30, na katika kaseti iliyouzwa madukani albamu nzima iliwekwa upande wa kwanza, kisha ikarudiwa nzima upande wa pili.

Taabu ilikuwa Master of Puppets ya Metallica, ya mwaka huohuo. Ina dakika 54 na ushee. Ukianza mwanzo, nyimbo sita zinaenea, wa saba hauishi. Na huo wa saba ndio "Orion", wimbo usio na maneno hata moja, ambamo gitaa la besi la Cliff Burton ndilo linalozungumza. Septemba 1986 Burton alikufa katika ajali ya basi la bendi nchini Sweden, akiwa na miaka 24, na "Orion" ukapigwa kwenye mazishi yake. Baada ya hapo, nani angeukata katikati? Mwenye kujali aliuhamishia upande wa pili pamoja na wimbo wa mwisho, akaandika kwenye karatasi kwamba hapa ndipo pa kugeuzia kaseti. Asiyejali aliuacha ukanda uishe wenyewe, wimbo ukafia njiani, na mpokeaji akajua amepelekewa kaseti na mtu wa namna gani.

Msomaji aliyeishi na redio kaseti hahitaji kuelezwa habari ya kuvunja vile vijino viwili vya juu ili mtu asije akarekodi juu yake, wala ya kukaza ukanda uliolegea kwa kalamu ya Bic. Inafaa kukumbusha jambo moja tu, ambalo ni kubwa kuliko yote. Kurekodi kutoka kwenye santuri kulikwenda kwa mwendo wa muziki wenyewe. Mwenye santuri yake aliiweka, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akakaa. Akatazama mshale wa sauti usipande ukaingia kwenye nyekundu. Sindano ikiruka, anarudia tangu mwanzo. Kwa hiyo kaseti ya namna hiyo, ilipofungwa kwenye bahasha, ilikuwa imeshasikilizwa, tena kwa masikio ya mtu anayetafuta kasoro. Ilikuwa vigumu sana kumpa mwenzako muziki ambao wewe mwenyewe huujui.

Na sauti ilipungua kila ilipohama. Nakala ya nakala ya nakala ilikuja na mvumo mzito, matoazi yamefifia, besi imejificha, kama majani ya chai yanayochemshwa mara ya tatu. Ndiyo maana mafundi wale, kabla ya yote, waliulizana kaseti ni ya kizazi cha ngapi. Aliyepata yake kutoka mkononi mwa bendi aliheshimiwa, na heshima hiyo ilimpa wajibu: ndiye aliyetazamiwa kuwarekodia wengine, tena vizuri.

Wengi wao walikuwa vijana wasio na fedha, na gharama ya posta iliwaumiza. Basi walipaka stempu sabuni au gundi nyembamba, ili muhuri wa posta uoshwe na stempu itumike tena. Ndani ya barua wakaandikiana wazi: usisahau kunirudishia stempu zangu. Posta ilidhulumiwa, hilo halina ubishi. Lakini mtu anayeosha stempu kwenye bakuli la maji ili rafiki yake wa Poland asikie bendi ya Florida, huyo muziki umemkaa rohoni. Pamoja na kaseti ilikwenda orodha ya alivyonavyo, majina ya bendi yamefuatana ukurasa hadi ukurasa, na pembeni neno moja la hukumu: safi, hafifu, hii usikose.

Orodha za namna hiyo zilikuwa na nguvu kuliko watu wa kampuni za muziki walivyodhani. Huko Kingsbury, kaskazini-magharibi mwa London, DJ Neal Kay alikuwa na ukumbi ulioitwa Soundhouse, na kazi yake ilikuwa kupiga hevi metali. Mashabiki walimwomba nyimbo, maombi yakahesabiwa, na orodha ya zilizoombwa zaidi ikachapishwa katika gazeti la muziki la Sounds. Iron Maiden, ambao walikuwa hawajulikani, walimpelekea kaseti waliyoirekodi siku mbili za mwisho za mwaka 1978. Wimbo wao "Prowler" ukapanda hadi nafasi ya kwanza, na huku bendi haina mkataba wala santuri hata moja dukani. Novemba 1979 wakachapisha nakala 5,000 za nyimbo zile, wakaziita The Soundhouse Tapes kwa heshima ya ukumbi ule, wakaziuza kwa posta. Mwezi uliofuata wakasaini na EMI. Walioinyanyua bendi ile ni mashabiki waliotaja walichokipenda, wakataja tena wiki iliyofuata.

Ulrich mwenyewe alikulia humo. Mdenmarki huyu, aliyehamia Los Angeles na wazazi wake, aliipenda bendi ya Diamond Head kutoka Stourbridge, Uingereza, ambayo mwaka 1980 ilitoa albamu ndani ya jalada jeupe tupu, halina picha, lina saini ya mwanabendi tu. Kiangazi cha 1981, akiwa na miaka 17, alipanda ndege kwenda kuwaona wakipiga, akaishia kulala nyumbani kwa mwimbaji wao, Sean Harris. Aliporudi ndipo alipoanzisha Metallica na James Hetfield. Hata jina la bendi alilipata kwa shabiki mwenzake wa San Francisco, Ron Quintana, aliyekuwa akitafuta jina la jarida lake.

Kaseti yao ikasafiri vilevile, mkono kwa mkono, bahasha kwa bahasha, hadi ikavuka Marekani nzima na kufika New Jersey. Huko Jon na Marsha Zazula, mume na mke, walikuwa na kibanda cha santuri katika soko la bidhaa za kila aina. Wakaisikia. Wakawaita vijana wale kutoka upande wa pili wa nchi, na walipokosa kampuni ya kuwapokea wakaanzisha yao, Megaforce, ikatoa Kill 'Em All Julai 1983. Marsha alifariki mwaka 2021, Jon akamfuata mwaka 2022. Wauza santuri wawili, masikio manne, na nakala ya kaseti iliyoandikwa kwa mkono. Leo hii kazi hiyo imeachiwa mashine inayohesabu nani amebonyeza nini.

Mkono haukuingia katika muziki huu kwa bahati. Mwaka 1965, jijini Birmingham, Tony Iommi alikuwa na miaka 17 na yuko katika siku yake ya mwisho kwenye kiwanda cha bati, pale mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye anapiga gitaa kwa kushoto. Vidole vile ndivyo vinavyokandamiza nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaitengeneza kofia za vidole, akazisugua mpaka zikamkaa, akazivika vipande vya ngozi kutoka kwenye koti kuukuu ili zishike uzi. Akatafuta nyuzi nyembamba, baadaye akazilegeza, na mlio ukazidi kuwa mzito. Albamu ya kwanza ya bendi yake, Black Sabbath, ilitoka tarehe 13 Februari 1970. Anayeisikiliza anasikia na zile kofia za plastiki.

Sisi wa pwani hii hatuko mbali na habari hii kama inavyodhaniwa. Tarehe 20 Aprili 1992, uwanjani Wembley, walikusanyika watu kumkumbuka Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja. James Hetfield alipanda jukwaani na wanamuziki wa Queen, bendi ya Mercury, Iommi yuko kando yake na gitaa, wakapiga "Stone Cold Crazy", wimbo wa Queen wa mwaka 1974 wenye kasi ambayo wapiga hevi metali waliitambua mara moja kuwa ni yao. Metallica walikuwa wameshaurekodi mwaka 1990 na kupata tuzo ya Grammy kwa wimbo huo. Na mwaka 2020 wanamuziki wawili wa Nairobi, waliotoka katika bendi za hevi metali za mji huo, walitoa albamu iitwayo Duma kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kampuni ambayo hata jina lake limebeba kaseti.

Lakini wengi wetu tumeacha kusikiliza mpaka mwisho. Kijana anatumiwa kiungo, anaonja sekunde ishirini, anajibu kwa kidole gumba kilichochorwa, anapita. Programu inamchagulia kinachofuata, naye hana habari kwamba bendi ilikaa usiku kucha ikibishana wimbo gani ufungue upande wa pili. Jalada limekuwa dogo kuliko stempu. Mwaka 1986 Derek Riggs alichora jalada la Somewhere in Time la Iron Maiden akalijaza vitu vidogo vidogo vinavyokumbusha nyimbo zao za nyuma. Mojawapo ni saa inayoonyesha 23:58, dakika mbili kabla ya usiku wa manane, kama lilivyo jina la wimbo wao wa mwaka 1984. Mashabiki walilikalia wiki nzima na taa ya mezani, wakaandikiana barua kuulizana: wewe umeona ngapi? Kwenye kioo cha simu saa ile haionekani kabisa.

Halafu watu wanashangaa kwa nini siku hizi mashabiki wanatajiana bendi kwa mamia na hakuna anayekumbuka nani alimpa nini. Aliyepelekewa kaseti mwaka 1985 anakumbuka. Anaikumbuka rangi ya wino.

Ukanda wa kaseti unaoza. Unyevu unaula, joto linaupinda, na rekodi nyingi za maonyesho na kaseti za majaribio za miaka ile hazikuwahi kuchapishwa; ziko kwenye masanduku ya mafundi wale tu, ambao sasa ni wazee. Mwenye sanduku la namna hiyo, awe Birmingham au Nairobi, asilitupe wakati wa kuhama nyumba. Azihamishe sauti zilizomo, apige picha karatasi zote mbele na nyuma, aandike kila moja ilitoka kwa nani na mwaka gani. Na wewe msomaji unayetaka kumpa mtu albamu wiki hii: isikilize kwanza yote, upande wa kwanza na wa pili. Ziandike nyimbo kwa mkono wako, andika na sababu ya kuipenda, mpelekee mtu mmoja, kisha mdai naye akuandikie ya kwake.