Tahakiki ya Kufuli Mbili

Mlango uliochongwa vizuri husifiwa na kila apitaye mchana, lakini mpimaji wa uimara wake ni mmoja tu, naye huja usiku. Programu za kompyuta zilindazo siri za watu ni milango ya namna hii. Vitabu vya hadithi, ambavyo havilindi akiba ya mtu, vina wahakiki wengi. Programu hizi, ambazo akiba ya maelfu imelala nyuma yake, hazina wahakiki ila wachache. Katika insha hii twataka kuipima moja, iitwayo CryptoJS, na kuuliza kama ni haki kuiondoa na kuweka mahali pake moduli ya asili iliyomo ndani ya Node.js.

Jambo hili si la mbali. Toka Siakago na Runyenjes katika Embu mpaka Maua katika Meru, mkulima wa kahawa, wa majani ya chai au wa miraa huweka akiba na kupokea malipo kwa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza katika Kenya mwaka 2007, daftari la fedha limekuwa likihama kutoka kabatini kuingia katika mashine. Wazee walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi hata mali yenye daftari yaweza kuisha bila habari, ikiwa daftari lenyewe halina kufuli. Vijana wasomao kompyuta katika Chuo Kikuu cha Embu, au katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, ndio watakaoombwa kesho kuziandika programu za vyama vya akiba vya wazazi wao. Tena Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamtaka kila mtunzaji wa habari za watu azilinde. Basi uchaguzi wa kufuli si mchezo.

Tuanze na sifa, maana mhakiki asiyeona jema hawezi kuaminiwa aonapo baya. CryptoJS ni mkusanyo wa kanuni za maandishi ya siri ulioandikwa kwa JavaScript, lugha iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995. Ilitokea wakati ambapo vivinjari vya intaneti havikuwa na kanuni kama hizo ndani yake, ikaziba pengo. Hufanya kazi mahali popote JavaScript inapofanya kazi, wala haitaki kujengwa upya kwa kila aina ya mashine. Zaidi ya hayo husomeka. Mwanafunzi aweza kuifungua, akafuata hatua kwa hatua jinsi maneno yavurugwavyo hata yasitambulikane. Kwa mwalimu, hii ni hazina.

Lakini kitu kilicho chema darasani huenda kisiwe chema ghalani. Kosa la kwanza la CryptoJS lilikuwa katika bahati nasibu. Ufunguo wa siri hauna budi kutoka katika namba zisizoweza kubashiriwa. Kwa miaka mingi kazi hii ilizichota namba zake katika chombo cha kawaida cha JavaScript, ambacho chafaa kwa kurusha dadu za mchezo, wala hakikukusudiwa kutengeneza funguo. Toleo la 4, lililotoka mwaka 2020, ndilo lililokiacha chombo hicho na kuziomba namba kutoka kwa moduli ya asili. Hapo kazi yenyewe ilikubali kwamba kuna jambo isiloliweza peke yake.

Kosa la pili ni zito zaidi. Programu njema haiweki neno la siri la mwanachama kama lilivyo. Hulichanganya na namba za nasibu, kisha hulisaga mara nyingi kwa kanuni iitwayo PBKDF2, na unga upatikanao ndio uwekwao. Shabaha ya kusaga mara nyingi ni kuchelewesha. Mwanachama hungoja mara moja tu, kitambo kidogo. Mwizi aliyeiba faili hana budi kungoja kwa kila neno analobahatisha. Mwongozo wa kanuni hiyo wa mwaka 2000 ulitaka misago isipungue 1,000. CryptoJS, kama mwandishi hakutaja idadi, ilisaga mara 1. Naam, mara moja! Kosa hili lilitangazwa Oktoba 2023, na toleo la 4.2.0 likapandisha idadi hata 250,000, hali jumuiya ya usalama iitwayo OWASP ilikuwa ikishauri 600,000 mwaka huohuo. Kisha ujenzi wa CryptoJS ukakomeshwa, na watunzaji wake wenyewe wakawaelekeza watu kwenye moduli za asili.

Msomaji ataweza kuuliza: kwa nini tusiongeze idadi ya misago, tukaiacha kufuli ya zamani mahali pake? Jibu liko katika mwendo. Moduli ya Node.js imejengwa juu ya OpenSSL, kazi iliyoandikwa kwa lugha ya C na kugeuzwa mapema kuwa lugha ya mashine. Misago ileile huchukua muda mrefu zaidi ikitendwa kwa JavaScript. Mwandishi aonapo wanachama wanangoja na kunung'unika, hushawishika kupunguza idadi. Lakini mwizi hatumii JavaScript. Huchagua mashine kali na programu nyepesi kuliko zote. Kwa hiyo uzito wa lugha humwadhibu mwenye mali, haumwadhibu mwizi. Kufuli nyepesi humwezesha mlinzi kununua misago mingi zaidi kwa sekunde ileile moja.

Iko fadhila nyingine, nami naiona bora kuliko wepesi. Moduli ya asili haikubali mwandishi anyamaze: asipotaja idadi ya misago, hukataa kufanya kazi. CryptoJS ilimjibia aliyenyamaza, ikamjibia vibaya. Chombo kinachomlazimisha fundi kufikiri ni mwalimu. Chombo kinachomfikiria fundi, tena kwa makosa, ni mtego.

Hata hivyo tusiiabudu kufuli mpya. Aprili 2014 ulimwengu uliambiwa juu ya Heartbleed, kosa lililokaa ndani ya OpenSSL kwa miaka miwili, lililomwezesha mgeni kuchungulia kumbukumbu za seva kutoka mbali. Lugha ya C haikuzuia kosa hilo. Kwa kweli uhuru wake wa kugusa kumbukumbu ndio uliolipa nafasi. Tofauti iko hapa: kosa lilipojulikana, walikuwako watu wa kuliziba mara. Kufuli isiyo na mtunzaji, ikivunjika, hubaki imevunjika. Basi usiulize lugha tu. Uliza pia nani ailindaye kazi hiyo leo.

Kubadili nako kuna adabu yake. Tuchukue mfano wa chama cha akiba cha wakulima huko Runyenjes, chenye maneno ya siri yaliyosagwa mara moja tu. Unga haurudi kuwa nafaka. Maneno yale hayawezi kurudishwa ili yasagwe upya. Wako watakaongoja kila mwanachama aingie ndipo wambadilishie. Lakini yule asiyeingia kwa miaka mitatu atabaki nyuma ya mlango wa matete, ilhali mlango mpya umesimama kando. Yafaa kuuchukua unga wa zamani leo hii, kuusaga tena kwa kufuli mpya kwa misago mingi, kuufuta ule wa zamani hata katika nakala za akiba, kisha kumtengenezea kila mmoja unga mpya siku aingiapo.

Na ikiwa neno la siri ni tarakimu nne, kuna maneno 10,000 tu duniani. Kwa msago mmoja, kompyuta ya kawaida huyamaliza yote kufumba na kufumbua. Hata kama kila jaribio lingechukua sekunde nzima, yangekwisha kwa muda usiotimia saa tatu. Hapo kufuli peke yake haiokoi. Lazima majaribio yawekewe mpaka, na faili lenyewe lilindwe lisiibwe. Anayebadili moduli akadhani amemaliza kazi amebadili komeo akaacha dirisha wazi.

Hukumu yetu basi ni hii. CryptoJS ibaki darasani, isomwe na iheshimiwe, kwa kuwa yafundisha kwa uwazi, na kosa lake lafundisha zaidi kuliko sifa zake. Katika daftari la fedha za watu iondoke, na moduli ya asili ishike mahali pake. Wala mwandishi asiihamishe ile namba 1 pamoja na mizigo mingine, maana namba ile ikiingia katika moduli mpya, wepesi wote alioupata utamfaa mwizi. Kijana atakayekabidhiwa kazi hii na chama cha wazazi wake na aisome kila namba aiandikayo kama aisomavyo hesabu ya mavuno yao, kwa kuwa ndiyo hiyo.